Ng'ombe wa Chato kwenye TV ya Sebuleni

Kosa lilikuwa la MC. Nimeshasema na nitasema tena, na kama anasoma hapa asome vizuri. Siku ya sendofu ya binti wa kaka yangu, iliyofanyika hapa hapa uani kwangu, Kalangalala, Geita, wageni walikuwa wananifuata jikoni mmoja mmoja: "Dada, naomba waifai." Mimi mikono imejaa pilau hadi kwenye viwiko. Nikamwambia MC awape watu pasiwedi kimya kimya. Sijui nilifikiri nini, kumwambia MC afanye jambo kimya kimya. Akaitangaza kwa kipaza sauti, herufi moja moja, akairudia kwa ajili ya waliokaa nyuma, halafu akaomba makofi. Spika zilikuwa zile kubwa za kukodi. Nina hakika hata waliokuwa stendi wakisubiri basi la Biharamulo waliinakili.

Tangu siku ile waifai yangu ikawa kama bomba la mtaa. Sikujali. Mtu akija kwako unampa kiti, unampa maji, siku hizi unampa na waifai, sasa ubaya uko wapi? Ubaya nikaja kuujua nilipotaka kurusha tamthilia yangu kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV. Simu ikaniletea foleni ya vifaa nisivyovijua: Spika ya Bosi. TV ya Chumbani. Usiniguse. Na kimoja kikaitwa, Mungu wangu, Mume Mtarajiwa. Ndani ya nyumba ya mke wa mtu!

Mume wangu ni dereva wa lori, haonekani nyumbani hovyo. Siku aliporudi kutoka safari akaona hilo jina kwenye simu yake mwenyewe, akaniuliza kwa ule upole wake wa kutisha, "Mama, huyu naye ni nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kukunja uso. Ikabidi tukafuatilie. Kumbe ni mchimbaji mmoja aliyepanga nyumba ya nyuma, simu yake ameipa jina hilo kwa matumaini, siyo kwangu, kwa yeyote tu atakayejitokeza. Alivyotutazama kwa aibu, hata mume wangu akashindwa, akacheka.

Na TV nayo haikuwa na adabu. Nimekaa na chai yangu, natazama taarifa ya habari, mara kioo kinakuwa cheusi, kiduara kinazunguka, halafu yanakuja mapishi ya biriani. Au mpira. Siku nyingine mahubiri, tena yale ya kukemea. Mtu yuko nyumbani kwake amebonyeza kimakosa, picha zinakuja kwangu. Nilikuwa nafungua dirisha napiga kelele, "Nani karusha mpira? Toeni mpira wenu!" na kutoka upande mmoja wa ukuta inakuja sauti, "Samahani mama, dakika mbili tu, ni penati!" Basi naacha penati ipigwe. Nami nataka kujua.

Aliyezidi wote alikuwa jirani yangu wa ukuta wa kushoto. Mwanamke wa pwani, Mzaramo, anauza madera na udi, mwili umejaa na kicheko kimejaa zaidi. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, tangu huko mababu walikobeba mizigo kushuka pwani. Kwa asiyejua utani ni kitu gani: mtani anaweza kuja msibani kwako akamtukana marehemu, akalala mlangoni jeneza lisipite mpaka mumpe chochote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako, watu watakuuliza kama ulilelewa na nani. Kwa hiyo huyu mama akirusha mambo yake kwenye TV yangu, nikipiga kelele, ananijibu juu ya ukuta, "Msukuma weye, umenunua TV kubwa hivyo uitazame peke yako? Umekuwa fisi?" Nifanye nini? Nacheka.

Ningeendelea kucheka nao hivyo hivyo hadi leo, kama mdogo wangu asingepata mchumba.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wa baba. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Nyasubi, kule Kahama, na kila mwisho wa wiki hupanda bodaboda kwenda kijijini kwa baba kumfulia, kumpikia na kugombana naye. Mama alishatangulia. Sisi wengine tumetawanyika na ndoa zetu, yeye ndiye aliyebaki karibu. Na wachumba walikuja, siyo kwamba hawakuja. Wawili baba aliwarudisha, na sababu kila mara ilikuwa ng'ombe.

Kwetu mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawapokelewi kwa maneno. Upande wa binti hutuma watu wakawakague kwenye zizi la waoaji. Baba hakuwa mtu wa kutuma watu. Alikwenda mwenyewe na fimbo yake, akawatembeza, akawafunua midomo, akawashika kwato. Wa mchumba wa kwanza, alisema kuna jike linachechemea. Wa mchumba wa pili, alisema dume lina pembe imelegea. Jamani, pembe! Kwani dume ndilo lingelala na mdogo wangu? Lakini nani amwambie baba.

Huyu wa tatu alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kutoka Chato, aliyekuja Kahama kutengeneza pampu za maji za wachimbaji. Aliingia dukani kununua swichi. Kesho yake akarudi kununua swichi. Kesho kutwa swichi tena. Pampu gani hiyo inakula swichi kama karanga? Mdogo wangu alikuwa ananisimulia kwenye simu huku anacheka vile ambavyo sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama afe. Halafu siku moja, barua ya posa imeshapokelewa, imebaki ng'ombe kukaguliwa, akanipigia bila kucheka. "Dada," akasema, "baba akimkataa na huyu, mimi sitaolewa tena. Siyo kwa hasira. Nimechoka tu kukataliwa kwa ajili ya kwato."

Na safari hii baba hakuweza kwenda zizini. Dume lake mwenyewe lilikuwa limemkanyaga, mguu uko kwenye plasta hadi juu ya goti. Tukamwambia atume mtu. "Macho ya mtu siyo macho yangu," akasema. Yule kijana, akili yake inachemka kwa mapenzi, akasema ng'ombe wapigwe video. Baba akatazama simu ya mdogo wangu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Ng'ombe wote hawa watakaa humu? Hapa hata tembo ataonekana panya." Ndipo mdogo wangu akaropoka, "Dada ana TV kubwa." Na Geita iko katikati ya Kahama na Chato. Baba akakubali.

Nilipopata habari hiyo moyo ulinipiga paa. TV yangu! TV ambayo mtaa mzima unaingia bila hodi! Niliona picha nzima: baba yangu kwenye kochi, wakwe kutoka Chato wamevaa suti, ng'ombe wako kwenye kioo, na mara, biriani.

Nikabadilisha pasiwedi siku hiyo hiyo. Kazi ndogo kabisa, nikajipongeza kwa soda. Soda haijaisha nikasikia kilio getini.

Kilio cha msiba, nakwambia. Nikatoka mbio na kanga mkononi. Namkuta mtani wangu amejifunga kanga kichwani, amelala chali kwenye mlango wa geti, anapiga miguu chini: "Uwiii! Imekufa! Waifai yetu imekufa ingali mbichi! Imeacha wajane! Mchimbaji yule mkamtazame, hajaongea tangu saa saba!" Na kweli nyuma yake amesimama mchimbaji, na wengine watatu wanne wa mtaa, nyuso zimenywea kweli kweli, simu mikononi. "Wasukuma wameiua," mtani akaendelea kulia, "wameinyonga kwa mikono yao, na hawatuambii tunazika saa ngapi! Sitoki hapa mpaka nipewe changu!" Mpita njia mmoja, mama wa watu, alivua kabisa ndala akasimama kwa heshima, akauliza nani amefariki. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yule mama alipoona machozi akanipa pole.

Sasa utawanyima watu waliokuja kukulilia msiba? Nikapiga simu huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akanicheka kidogo, akaniambia dawa ipo. "Mama, kifaa chako kinaweza kutoa mitandao miwili. Mmoja wa nyumbani, mmoja wa wageni. Vifaa vyako weka kwenye wa nyumbani. Majirani wape ule wa wageni. Watapata intaneti lakini vifaa vya nyumbani hawataviona." Akanishika mkono hatua kwa hatua, nikaweka yote. Simu yangu, nyumbani. Simu ya mume wangu, nyumbani. Mtani, mchimbaji na ukoo mzima wa Usiniguse, wageni. Mtani akafufuka pale pale, akajipangusa vumbi, akaenda zake.

Ikabaki TV. Na hapa naomba mnielewe, msinicheke haraka.

TV iko sebuleni. Sebule ya kwetu nyinyi mnaijua. Makochi yamevikwa vitambaa, vikombe vya maua viko kwenye kabati la vioo, na hakuna mtu wa nyumba hii anayevigusa. Mume wangu mwenyewe, mwenye nyumba, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Sahani nzuri, za wageni. Shuka jipya, la wageni. Na ng'ombe wale walikuwa wanakuja kwenye simu ya mgeni, waonyeshwe wageni, kwenye TV ya sebule ya wageni. Kwa hiyo mimi, kwa akili zangu timamu, nikaiunganisha TV kwenye mtandao wa wageni. Tena nilijisikia mstaarabu kabisa. Kuwawekea wakwe mtandao wa nyumbani niliona kama kuwaandalia kwa sahani za plastiki.

Nikakaa kuijaribu jioni ile. Kimya. Hakuna mpira, hakuna mahubiri. Sikujua kwamba mtani alikuwa ameenda mnadani Katoro na mchimbaji alikuwa shimoni. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Siku yenyewe baba akafika na gari la kukodi, mguu umetangulia. Tukamketisha kwenye kochi linalotazama TV, tukauwekea mguu stuli na mto. "Shikamoo baba." "Marahaba. Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma chake. Akaitazama TV, ilikuwa imezimwa, akainyooshea fimbo. "Hilo ndilo zizi?"

"Ndilo, baba."

"Mh," akasema. Mh ya baba siyo neno la kuchezea. Mdogo wangu, aliyetangulia kufika jana yake, akaniangalia, nikamwona rangi imemtoka, akarudi jikoni. Desturi inamtaka akae huko mpaka aitwe, lakini hata desturi isingekuwepo nadhani angeenda tu. Tangu asubuhi alikuwa anakata vitunguu ambavyo hakuna chakula kilichovihitaji.

Wageni wakaingia wawili. Mshenga, mzee wa kanisa, tai imemkaba na sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo ya Jumapili. Na baba mdogo wa kijana, mfugaji, mtu mkimya mwenye viganja vikubwa, ambaye ng'ombe walikuwa zizini kwake. Mimi nilikaa kando, rimoti mapajani, fundi mitambo. Baada ya salamu na maneno ya kuzunguka, mshenga akakohoa, akatoa simu, nikamsaidia kuiunganisha. Akabonyeza TV ya Sebuleni.

Na ng'ombe wakatokea, ee Mungu wangu, ng'ombe wakatokea! Wakubwa, wanang'aa, wanatoka zizini mmoja mmoja, ziwa linaonekana kwa mbali nyuma yao. Nilitaka kupiga makofi. Hata baba aliinuka kidogo kwenye kochi, mdomo ukafunguka, kisha akaufunga. Akavaa miwani.

"Rudisha nyuma," akasema. Mshenga akarudisha. "Simamisha. Mtembeze huyo."

"Mzee, hii ni video," baba mdogo akasema kwa heshima. "Hatuwezi kumtembeza, tunaweza kurudia pale alipotembea."

"Basi rudieni pale alipotembea." Wakarudia. Wakarudia tena. "Huyu mweupe anaupendelea mguu wa kushoto."

"Alikanyaga jiwe, mzee. Tazama mbele kidogo, huyo anakwenda vizuri."

Baba akatazama mbele kidogo. Akasema mh. Nyuma ya pazia la jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Nilijua mdogo wangu amesimama pale, ameshikilia pazia, nami nilikuwa nimeibana rimoti mpaka vidole vinauma. Kila ng'ombe aliyepita baba alimshika shati: huyu mkia, huyu jicho, yule mbona anabaki nyuma. Kila mara video ikarudishwa, na kila mara ng'ombe akawa mzima kabisa. Kijasho kilianza kumtoka mshenga chini ya tai.

"Huyo mwekundu," baba akasema, akisogeza uso mbele. "Simamisha. Huyo sijamwelewa nyonga. Nataka nimwone nyuma. Mgeuze."

Mshenga akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Kiduara kikazunguka. Kiduara kile nilikuwa nakijua.

Halafu akatokea mwanamke. Kioo kizima, suruali ya kubana, ametupa mgongo, mikono kiunoni, na sauti yake ikajaa sebule: "Haya, geuka! Nyuma! Tikisa! Nyuma! Tikisa!"

Na akatikisa.

Sijui nieleze vipi kimya cha watu wanne na ile sauti moja. Baba mdogo alitazama dari, akaikagua ubao kwa ubao. Mshenga alikuwa anabonyeza simu yake kila mahali, na kwenye simu yake ng'ombe mwekundu alikuwa bado amesimama kwa adabu, hana habari. Mimi nikabonyeza rimoti kuzima, nikakosea kitufe, nikaongeza sauti. "TIKISA! Toa tumbo hilo! TIKISA!" Nikaenda nikang'oa waya ukutani.

Baba aliivua miwani taratibu. "Hivi ndivyo mnavyokagua ng'ombe kwenu Chato?"

"Mzee, naapa," mshenga akasema, sauti ya matangazo imemkimbia, "hii haikutoka kwangu, mimi ni mzee wa kanisa..."

"Na hayo ndiyo mnayotazama kanisani?"

"Baba, ni mtandao," nikasema, "ni mtandao wa wageni, niliuweka mimi..."

"Si unasikia? Wa wageni! Mwanangu mwenyewe anasema ni wa wageni." Akashika fimbo, akajiinua na plasta yake, akasimama. "Nimekuja na mguu mbovu kuonyeshwa makalio. Kikao kimekwisha."

Jikoni sahani ilianguka, ikavunjika. Hakuna aliyeokota. Niliona uso wa baba na nikaogopa, kwa sababu uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nikachomoka mbio.

Nilimkuta mtani sebuleni kwake, kajifunga kanga kifuani, jasho linamchuruzika, amesimama mbele ya TV yake iliyo nyeusi na simu mkononi. "Shoga, afadhali umekuja! Narusha mazoezi yangu ya tumbo, hayaji! Nabonyeza TV ya Sebuleni, hayaji!"

"TV ya Sebuleni ni yangu pia! Yanakuja kwangu!" nikapiga kelele. "Yamekuja kwa baba! Yamekuja kwa wakwe!" Nikamweleza kwa pumzi moja. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka. Niliona anataka kucheka na nikaona anataka kulia, nami vile vile. Halafu akaniuliza swali moja tu, "Mdogo wako yuko wapi?" Nikamwambia yuko jikoni. Akavuta dera akalitupia juu ya kanga na jasho lake, akatoka mbele yangu, akapitia mlango wangu wa jikoni. Nilimwona akisimama kidogo pale alipochutama mdogo wangu akiokota vipande vya sahani, machozi yakidondoka juu ya vipande. Akafungua pazia, akaingia sebuleni.

Baba alikuwa bado amesimama. Wageni nao wamesimama. Mtani akajiweka katikati ya zulia, mikono kiunoni, akageuka polepole, mzunguko mzima, na dera lake.

"Wasukuma!" akasema. "Nimesikia mnakagua, nikasema hata mimi nina nyonga, kwa nini nisikaguliwe? Nimetuma mtangulizi kwenye TV mkamfukuza. Haya, nimekuja mwenyewe. Mzee, sema. Nachechemea?"

Baba akamtazama. "Wewe ni nani?"

"Mzaramo! Mtani wako. Mababu zako walikunywa maji kwetu wakatuachia deni la adabu, nimekuja kulidai."

Nilimwona baba akipigana. Aliibana midomo, akatazama chini, akaipiga fimbo kwenye zulia. Lakini mabega yakamsaliti. Yakaanza kucheza. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miaka, kicheko cha kikohozi, akarudi kwenye kochi kwa kishindo na mguu wake. "Mzaramo!" akasema. "Mzaramo na tumbo lake!" Mshenga alicheka kwa kupona, mpaka akalegeza tai. Baba mdogo, yule mkimya, alikaa chini akajifunika uso kwa viganja vyake vikubwa na kochi zima likatikisika. Nami nilikuwa nimeegemea kabati, vikombe vya maua vinalia humo ndani, sijiwezi.

"Mpeni jogoo," baba akasema akijifuta macho. "Mpeni jogoo aende zake."

"Jogoo nitamchukua," mtani akasema. "Lakini siendi. Bado sijamaliza." Akasogea akapiga magoti mbele ya baba, na sauti ikabadilika, ingawa tabasamu halikutoka. "Mzee, mimi ni mtani, nikisema vibaya huwezi kunipiga. Ng'ombe wa watu umewakagua mpaka mikia. Kuna mtu jikoni hapo analia. Huyo mbona hujamkagua?"

Kicheko kikakauka. Kati yetu sote, watoto wake, ndugu zake, hakuna ambaye angeweza kumwambia baba maneno hayo na akabaki na meno. Nilisubiri fimbo. Baba aliiweka sakafuni.

"Mwiteni," akasema.

Mdogo wangu akaja, akapiga magoti pale mlangoni panapomstahili, macho yamevimba, mikono inanuka vitunguu. Baba hakumuuliza kama anawafahamu wageni hawa, kama desturi inavyotaka. Alimtazama tu. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama ng'ombe yeyote.

"Nimewaona wote," baba akasema, na sikujua anamwambia nani. "Nimerudisha nyuma, nimesogeza mbele. Nilikuwa natafuta kilema. Hata kimoja tu kingetosha." Akaikunja miwani yake. "Hawana. Hata ng'ombe wa wale wachumba wa kwanza hawakuwa nacho."

Nilihisi hasira imenipanda, kwa ajili ya ile miaka, na papo hapo nikamwonea huruma. Mdogo wangu aliinuka, akavuka zulia, mbele ya wakwe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akaketi chini kando ya kochi, akaweka kichwa chake kwenye goti la baba lile zima. Baba akaweka mkono juu ya kichwa chake. Wageni wakageuza macho yao, wakaitazama TV iliyong'olewa waya kana kwamba kulikuwa na kitu pale.

Baada ya kitambo mshenga akakohoa kwa upole. "Kwa hiyo, mzee, tuseme umewapokea?"

"Subirini kidogo," baba akasema. "Huyu bado ni wangu."

Tukasubiri.